Pikipiki Isiyo na Wenzake

Pikipiki ya safari ndefu ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetaka kumaliza kilomita 500 kwa siku moja na kushuka akiwa bado na nguvu za kusalimia watu. Injini yake ni kubwa, kwa kawaida ya sentimita za ujazo 700 hadi 1300. Mbele ina kioo na mabamba ya kukinga upepo, katikati tangi pana na kiti cha watu wawili, nyuma mahali pa kufunga mabegi pande zote mbili. Injini na breki zake zimetoka katika ukoo wa pikipiki za mbio, lakini mpandaji haikumbatii kama afanyavyo mwanamashindano. Hukaa akiwa ameinama kidogo tu, uzito wake ukigawanyika kati ya makalio, miguu na viganja. Mfano ulioonyesha njia ni BMW R100RS ya mwaka 1976, ambayo mabamba yake yaliundwa kwa vipimo vya upepo. Kisha wakaja Wajapani: Yamaha FJ1100 mwaka 1984, Honda VFR750F na Kawasaki GTR1000 mwaka 1986, Honda ST1100 mwaka 1990. GTR1000 ilibeba lita 28.5 za mafuta na iliendelea kuundwa kwa mabadiliko machache hadi mwaka 2006. Pikipiki hizo sasa zina umri wa mtu mzima, na nyingi bado zinatembea.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira ni nadra kukutana na moja. Pikipiki iliyozoeleka hapa ilikuwa kwanza ile nyepesi ya ofisa wa kilimo au ya mmishonari, mfano wa Yamaha DT175, ndefu ya miguu na yenye silinda moja, iliyopanda njia za migomba na kahawa hadi nyumbani kwa mkulima. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 250, na pikipiki za kutoka India zikamiminika. Bajaj Boxer na TVS zilichukua nafasi ya baiskeli za kubeba abiria, na leo hakuna njiapanda ya Gusii, yaani ya kaunti hizi mbili, kuanzia Suneka hadi Kijauri, isiyo na safu ya vijana wa boda boda wakisubiri mteja.

Boxer ina ukoo mkubwa unaoilinda. Ikikatika waya wa klachi pale Keroka, duka la kwanza lina waya huo, fundi wa kwanza anajua kuufunga, na dereva wa pili yuko tayari kuazima spana. Pikipiki ya safari ndefu haina ulinzi huo. Iko kama mtu aliyeolewa mbali na kwao: adabu anazo na nguvu anazo, ila akiugua hakuna jirani anayeijua dawa ya kwao. Umri wenyewe hauipi taabu kubwa, kwa kuwa chuma chake ni kizuri na kilitengenezwa kwa uangalifu ambao pikipiki nyingi mpya za bei nafuu hazina. Taabu yake ni upweke. Kuimiliki katika milima hii ni kazi ya kuutafutia upweke huo tiba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika pikipiki ikiwa imesimama.

Milima yenyewe huanza kuizungumzia injini kabla ya barabara. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Katika mwinuko huo hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini huvuta hewa kidogo kuliko ilivyokusudiwa, na nguvu zake hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye pikipiki ya sentimita za ujazo 1000 hapati hasara anayoweza kuihisi. Nguvu zinazobaki zinazidi kile ambacho barabara inaruhusu. Lakini injini ya kabureta ina shida nyingine. Kabureta hupima mafuta bila kujua kwamba hewa imekuwa nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko huwa na mafuta mengi mno: plagi huwa nyeusi, moshi hunuka, na mafuta huisha upesi. Dawa ni kuweka jeti ndogo kidogo na kurekebisha sindano. Kazi hii hufanywa mara moja tu ikiwa pikipiki inaishi Gusii, na haifai kwa mtu anayeshuka pwani kila mwezi. Pikipiki za baadaye zenye mfumo wa kunyunyizia mafuta kwa kompyuta zina kihisi cha kanieneo ya hewa na hujirekebisha zenyewe.

Maji nayo hapa huchemka mapema, katika nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Injini inayopozwa kwa maji hutegemea kifuniko cha rejeta kinachobana mfumo mzima ili maji yasichemke. Kifuniko kilicholegea springi kinaweza kuvumilika katika nchi tambarare, lakini katika msongamano wa mji wa Kisii siku ya soko, pikipiki ikijikokota nyuma ya malori kwenye mlima, udhaifu wake hujitokeza. Kubadilisha kifuniko ni gharama ndogo, na ni jambo la kwanza ambalo mwenye pikipiki kuukuu ya maji angepaswa kulifanya.

Baada ya injini huja barabara. Pikipiki hizi ziliwaziwa kwa njia ndefu zenye kona pana, na Gusii ina kona kwa wingi. Barabara kuu ya A1 kutoka Isebania hadi Ahero, inayopita katikati ya mji wa Kisii, ilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara ya kutoka Kisii kwenda Chemosit kupitia mji wa Nyamira na Ikonge hupinda na kupanda katikati ya mashamba ya chai. Ile ya Keroka hadi Sotik ndiyo mlango wa kwenda Nairobi. Hizi ni njia za kupendeza, na mpandaji mwenye subira hupata humo furaha ambayo haipatikani katika barabara iliyonyooka: kushika gia ya tatu, kuitegemea injini ipunguze mwendo, kuinamisha chombo kushoto, kukiinua, kisha kulia, ukingo wa Manga ukionekana na kupotea nyuma ya mikaratusi.

Furaha hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba, wingi usio wa kawaida kwa nchi ya wakulima. Maana yake barabarani ni kwamba hakuna mahali pasipo na nyumba. Ng'ombe aliyefungwa kamba hula nyasi kando ya lami. Mtoto hutoka shuleni akikimbia. Mama mwenye gunia la majani ya chai mgongoni huvuka kuelekea kituo cha kununulia. Pikipiki inayoweza kufika kilomita 200 kwa saa hupita hapa kwa 50, na anayeiendesha zaidi ya hapo katikati ya makazi anaweka rehani maisha ya watu ambao hawakukubaliana naye lolote. Hili halina mjadala, na ni afadhali mtu anayetaka kasi asinunue pikipiki ya namna hii kabla ya kuhamia mahali pengine.

Matuta ya barabarani hudai kodi yao pia. Umbali kati ya tumbo la pikipiki ya safari ndefu na ardhi ni mdogo, mara nyingi chini ya sentimita 15, na mabomba ya moshi hupita chini kabisa. Tuta lililojengwa na wananchi wenyewe baada ya ajali, refu na lenye kichwa chembamba, huweza kukwaruza bomba au kupasua bamba la chini. Mpandaji hujifunza kulikabili polepole akiwa amesimama kidogo kwenye vikanyagio, hasa akiwa na abiria na mizigo. Sili za shoki za mbele na beringi za usukani huchakaa mapema kuliko vitabu vya watengenezaji vinavyosema, kwa sababu vitabu hivyo viliandikwa kwa kuwaza barabara za Ulaya.

Nje ya lami kuna udongo mwekundu, mzuri kwa chai na ndizi, mbaya kwa tairi pana na laini. Unapolowa hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi ligeuke duara la tope. Pikipiki ya kilo 300, kama ST1100 iliyojazwa mafuta, ikianza kuteleza katika njia ya kuelekea nyumbani haiokolewi kwa mguu. Vijana wawili wa boda huinyanyua Boxer iliyoanguka huku wakicheka. Pikipiki hii kubwa huhitaji watu watatu wanaojua pa kushika. Kwa hiyo wamiliki wengi wenye busara huiacha kwa mtu anayeaminika karibu na lami, na kumalizia safari kwa miguu au kwa boda. Hakuna aibu katika jambo hilo.

Mvua hapa ina ratiba, na ratiba hiyo inastahili kujulikana. Asubuhi mara nyingi huwa angavu. Mchana upepo unaotoka Ziwa Victoria hupanda milima, hukutana na hewa ya upande wa mashariki, mawingu hujengeka, na alasiri radi hupasua. Ukanda huu wa nyanda za juu, kutoka Gusii hadi Kericho na Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe mara nyingi. Mawe yakianza kudunda kwenye kofia ngumu, mpandaji hana la kufanya ila kusimama mahali penye paa la kweli. Chini ya mti si mahali pa kusimama, kwa kuwa radi za Gusii huua watu na mifugo. Safari inayoanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa imekwisha kabla ya haya yote, na desturi hiyo ya kuondoka mapema ni kinga kubwa kuliko nguo yoyote ya mvua.

Sasa turudi kwenye upweke. Unapochunguzwa kwa makini hubainika kuwa si mkamilifu, kwa sababu pikipiki ya safari ndefu ina jamaa waliotawanyika katika maduka ambayo hayauzi spea za pikipiki kubwa. Beringi za magurudumu zina namba za kimataifa zilizochorwa ubavuni. Beringi 6204 ina kipenyo cha ndani cha milimita 20, cha nje 47, na upana wa 14, iwe imetoka katika pikipiki ya Kijapani au katika mota ya umeme. Muuza beringi wa mjini Kisii anayewahudumia wenye vinu vya kusagia mahindi huwauzia pia wenye pikipiki, hata kama hajawahi kuiona pikipiki yenyewe. Taa ya mbele mara nyingi ni ya aina ya H4, ileile iliyomo katika matatu nyingi. Fyuzi ni za gari. Maji ya rejeta na mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 ni ya gari. Mipira ya maji inaweza kukatwa kutoka katika mpira wa gari wenye kipenyo sawa.

Boda boda nayo inatoa msaada wake, na wa kwanza ni oili. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini. Oili za kisasa za gari ndogo huwa na kemikali za kupunguza msuguano, na kemikali hizo huifanya klachi iteleze: injini inalia, mwendo hauongezeki. Oili iliyoandikwa alama ya JASO MA imepimwa kwa klachi ya namna hiyo, na huuzwa katika maduka mengi ya boda kwa ajili ya Boxer. Mmiliki wa mashine ya bei kubwa anayeidharau oili hiyo na kwenda kununua ya gari la kifahari hujiletea hasara kwa mkono wake.

Vilivyobaki baada ya kuwahesabu jamaa wote ni vichache, navyo ndivyo vya kuwekwa akiba nyumbani kabla havijahitajika: pedi za breki zenye umbo la modeli hiyo, mpira wa daiframu za kabureta, gasketi ya kifuniko cha valvu, waya wa klachi, pampu ya mafuta, na kile kifaa kinachodhibiti umeme unaotoka kwenye jenereta kwenda kwenye betri. Kifaa hicho cha mwisho ndicho muuaji mkimya wa pikipiki za miaka ya 1980 na 1990. Hupata joto jingi, mara nyingi kikiwa kimefichwa mahali pasipo na upepo, na kikifa hukausha betri au huichemsha. Kukipima ni rahisi, na fundi wa redio anaweza kufanya hivyo kwa mita yake. Injini ikiwa katika mizunguko 5,000 kwa dakika, betri ionyeshe volti 14 hadi 14.5. Ikionyesha 12 na kushuka, betri haichajiwi. Ikipita 15, inaunguzwa. Kipimo hicho cha dakika mbili, kikifanywa kabla ya kila safari ndefu, huokoa usiku mzima kando ya barabara.

Matairi yanataka neno lake. Mafundi wengi hutazama kina cha mifereji na kuridhika. Katika pikipiki isiyotembea kila siku, mpira huzeeka kabla ya kuchakaa: hukauka, hukaza na kupoteza mshiko hasa kwenye lami iliyolowa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 1412 lilitoka kiwandani katika wiki ya 14 ya mwaka 2012, na halifai kumbeba mtu yeyote katika kona za Nyamira hata kama linang'aa. Saizi pana za pikipiki hizi hutafutwa Nairobi, na ni vema kuziagiza kwa jozi. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu wa hewa, na katika nchi yenye mvua kama hii kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni lazima.

Petroli huwatia wamiliki wengi wasiwasi usio na msingi. Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006. Ni injini chache tu za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zilizo na vikalio laini vya valvu vinavyoweza kuathirika risasi ikikosekana. Hatari iliyo karibu zaidi ni mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Ili kuzuia uchanganyaji huo, mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kujaza katika kituo chenye wateja wengi, na kutojaza wakati lori la mafuta linashusha na tope la tangi limevurugika, ni tahadhari zinazotosha.

Fundi ni nusu ya pikipiki. Mafundi wa jua kali wa Kisii wameifungua injini ya silinda moja mara nyingi kiasi cha kuweza kuifunga gizani, na ni kosa kudhani kwamba hawaiwezi yenye silinda nne. Wanachokosa ni vitu vitatu: kitabu cha vipimo, muda, na bisibisi inayofaa. Skrubu za Kijapani zenye alama ya msalaba zina umbo lake, na bisibisi ya kawaida huziparura vichwa. Mmiliki akinunua bisibisi sahihi na kuikabidhi pamoja na kazi, nusu ya malalamiko huisha. Kabureta nne zinatakiwa zivute sawasawa, na kipimo cha kuzilinganisha kinaweza kutengenezwa kwa mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, oili kidogo na ubao: oili hupanda upande unaovuta zaidi. Fundi anayeonyeshwa hilo mara moja huwa hasahau, na hapo pikipiki imepata mtu wa kwanza anayeijua katika kaunti nzima. Malipo yake yalingane na muda aliotumia kujifunza. Fundi anayelipwa kwa haraka hufanya kazi kwa haraka, na injini yenye silinda nne haisamehi boliti iliyokazwa kwa hasira.

Safari inayoipa pikipiki hii haki yake ni ile ya Nairobi, kilomita zinazozidi 300 kidogo kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Mulot, Narok na Mai Mahiu. Baada ya Bomet makazi hupungua, kona hufunguka, na injini iliyokuwa ikinung'unika katika gia ya pili tangu asubuhi huingia ya tano na kutulia. Hapo ndipo tangi la lita 28 huonyesha maana yake, kwani huweza kumaliza njia yote bila kujaza. Mabamba ya mbele nayo hufanya kazi yake kati ya Narok na Mai Mahiu, ambako upepo wa Bonde la Ufa huja kutoka ubavuni na kuisukuma pikipiki nyepesi nje ya mstari wake. Uzito uliokuwa mzigo katika tope la Gusii hapa huwa nanga. Mpandaji hubaki na hatari moja asiyoweza kuipunguza kwa ufundi, nayo ni gari linalompita lingine likija upande wake. Jibu pekee ni nafasi: kukaa mbali na malori, kutojibana nyuma ya basi, na kutoingia katika kona ambayo hawezi kusimama ndani ya umbali anaouona. Kofia ngumu iliyo kamili na iliyofungwa kidevuni hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, kwa mujibu wa mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane.

Pikipiki isiyosafiri inahitaji uangalizi wake. Tangi lijazwe mpaka juu ili unyevu wa Nyamira usilitie kutu. Kabureta zimwagwe mafuta ikiwa pikipiki itakaa zaidi ya mwezi. Betri itolewe na kuchajiwa ndani ya nyumba. Mirija ya hewa iangaliwe, kwa kuwa panya na nyigu hupenda mahali pakavu. Kuiwasha dakika tano kila Jumamosi, kama wengi wafanyavyo, huidhuru: injini haipati joto la kutosha kukausha mvuke uliomo ndani, na mvuke huo huharibu oili na bomba la moshi. Ni bora iachwe kimya kwa miezi miwili, au itolewe kwa mwendo wa nusu saa kamili.

Jambo la mwisho ni makaratasi. Katika kununua, namba ya fremu na namba ya injini zilinganishwe na logbuku kabla ya fedha kutolewa, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe kwa jina la mnunuzi katika mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Pikipiki iliyopitia mikono mitano bila jina kubadilishwa haina mwenyewe mbele ya sheria. Muuzaji mwema hutoa pia daftari la matengenezo: tarehe, kilomita, oili iliyotumika, saizi ya jeti zilizowekwa kwa ajili ya mwinuko, namba za beringi, na duka au fundi aliyepatikana kwa kila tatizo.